Aliyeuliza Si Mwasi

Mwaka ule pamba ilikubali. Kanisa letu, kanisa dogo la bati nje kidogo ya mji wa Bariadi, lilipotangaza sadaka ya mavuno, kila kaya ilileta sandarusi yake, na zilipopangwa mbele ya mimbari zilipanda hadi usawa wa dirisha. Mchungaji akaziombea. Vijana tukazipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, zikaenda kwenye mizani ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Jumapili ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Jumapili ya nne matangazo yakasomwa yote: ndoa mbili, zamu za kufagia kanisa, mgeni anayekuja kutoka dayosisi. Katibu alipokunja karatasi yake, mama mmoja wa kwaya, mjane, akasimama kwenye benchi la tatu upande wa wanawake, akawasalimu wazee kwa adabu zote, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Ile pamba yetu ilifika kilo ngapi?"

Hakuuliza nani kala. Hakumnyooshea mtu kidole. Aliuliza kilo.

Mzee mmoja akakohoa. Mchungaji akasema jambo hilo lina kikao chake. Jumapili iliyofuata tukahubiriwa habari za Kora, yule aliyesimama kinyume cha Musa jangwani, ardhi ikafunuka ikammeza. Jina la mama halikutajwa. Halikuhitaji kutajwa, maana shingo zote ziligeukia benchi la tatu. Kabla mwezi haujaisha alikuwa ameambiwa apumzike kwaya. Ikasemwa ana roho ya uasi. Akina mama waliokuwa wakipita kwake kwenda kisimani wakaanza kupita njia ya chini. Mama yake mzazi alipofariki, kwaya aliyoiimbia miaka kumi na miwili haikwenda kuimba msibani.

Mimi nilikuwa katibu wa vijana. Pamba ile niliipakia kwa mikono yangu, na kilo zake nilitaka kuzijua kama yeye alivyotaka. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu nikakuita heshima.

Ni kwa ajili ya neno hilo naandika. Tumelichukua neno heshima, neno linalobeba maisha yetu yote ya kukaa pamoja, tukalifanya kufuli la vinywa vya wadogo. Mkubwa akikosea, heshima ni kunyamaza. Mdogo akiuliza, amekosa heshima. Mwanamke akiuliza, amekosa heshima mara mbili. Kwa kufuli hilo tumejenga makanisa mengi hapa Simiyu ambayo kwa nje yana amani na kwa ndani yanaoza. Amani ya namna hiyo ni pamba iliyotiwa mchanga: kwenye mizani inavuta kilo, kiwandani inaharibu mashine.

Nasema wazi, na atakayekasirika akasirike: katika kanisa la Kristo, kumheshimu mtu usiyekubaliana naye ni kumwendea kwa miguu yako, kumtazama usoni, kumwambia neno lako, na kubaki palepale mpaka umesikia lake. Lolote lililo pungufu ya hapo ni woga uliovaa kanzu.

Agizo halikufichwa. Liko katika Mathayo sura ya 18, na sidhani kama kuna mkristo mzima wa Ntuzu, Kanadi, Maswa au Meatu ambaye hajalisikia. Ndugu amekukosea: mwendee, ninyi wawili peke yenu. Asiposikia, rudi na mmoja au wawili. Asiposikia tena, ndipo kanisa liambiwe. Angalia mpangilio wake. Anaanza aliyeumizwa, hata akiwa mdogo kwa mkubwa, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba mkubwa haendewi. Kinaanza chumba cha watu wawili, kinafuata cha watu wachache, na kusanyiko linakuja mwisho. Sisi tumelipindua agizo hilo. Tunaanzia kwenye kusanyiko, tena kwa mafumbo, na mlango wa watu wawili hatuugusi kabisa.

Kuna dhambi ambayo haimo kwenye orodha za mafundisho ya ubatizo, nami naomba iongezwe: kumhubiri mtu. Mchungaji amegombana na mzee wa kanisa siku ya Alhamisi. Ijumaa hakwenda kwake. Jumamosi hakwenda kwake. Jumapili amepanda mimbarini na andiko mkononi, anampiga yule mzee vijembe saa nzima kwa jina la Bwana, na kusanyiko linaitikia amina. Mimbari ina kipaza sauti kimoja. Aliyekaa kwenye benchi hana cha kujibia, na akithubutu kunyanyuka ameivuruga ibada. Kumpiga mtu uliyemfunga mikono ni jambo ambalo hata wachunga ng'ombe wakigombania malambo hawalifanyi, na sisi tunalifanya tukiwa tumevaa kola.

Watanijibu kwa neno moja ambalo limekuwa ngao ya kila mwenye cheo: mtiwa mafuta haguswi. Nalijua neno hilo na nalijua linakotoka. Daudi alimkuta Sauli pangoni Engedi, akakata upindo wa vazi lake, moyo ukamsuta, akawazuia watu wake wasimdhuru kwa sababu alikuwa mtiwa mafuta wa Bwana. Wahubiri wetu wakifika hapo wanafunga Biblia. Kwa nini wanafunga? Habari haijaisha! Someni mistari inayofuata katika sura ya 24 ya Samweli wa Kwanza. Daudi alitoka pangoni akamwita Sauli kwa sauti, akainama mpaka chini kwa heshima, kisha akamwambia yote mbele ya majeshi yake: kwa nini unawasikiliza wanaosema nakutafutia mabaya, huu hapa upindo wa vazi lako mkononi mwangu, Bwana na aamue kati yako na mimi. Mkono wake haukumgusa mfalme. Ulimi wake ulimwambia mfalme ukweli mchana kweupe, na ushahidi mkononi. Hivyo ndivyo Daudi alivyomheshimu mtiwa mafuta. Ni huyuhuyu Daudi ambaye baadaye, akiwa mfalme, Nathani aliingia kwake akamwambia uso kwa uso kuhusu mke wa Uria, na hakumwita Nathani mwasi. Alikiri dhambi yake.

Na tusijidanganye kwamba kumwambia mkubwa ukweli ni ugeni wa Kizungu. Ntemi wa Kisukuma alikuwa na utukufu ambao hakuna askofu anao leo: mvua yenyewe ilihesabiwa mikononi mwake. Hata hivyo alikuwa na banang'oma, wazee walioshika kiti cha utemi, na ndio waliomchagua, ndio waliomshauri, na ndio walioweza kumwondoa. Jambo la wote lilipelekwa dagashida, kwenye mkutano wa hadhara, na aliyelalamikiwa aliitwa asimame ajibu. Sisemi mikutano ile ilikuwa mitakatifu. Watu walionewa humo, na Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walipoanza miaka ya mwanzo ya 1980 katika mkoa wa zamani wa Shinyanga, mikutano yao ilirudisha ng'ombe wengi walioibwa na pia ilivunja mbavu za wasio na hatia. Lakini kanuni moja ilikuwepo, na ilikuwa kanuni ya haki: mlalamikiwa aonekane, na asikike. Iweje mababu waliotambikia mizimu wawe na kanuni hiyo, sisi tuliobatizwa tusiwe nayo?

Nafika mahali panaponiuma zaidi. Sisi watu wa Usukuma hatuna ruhusa ya kuchezea minong'ono. Mikoa yetu hii imemwaga damu ya bibi zetu. Wanawake wazee waliouawa kwa mapanga usiku, wengine kwa kosa la kuwa na macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni, hawakuuawa kwa ghafla. Kwanza walisemwa. Mtoto wa jirani aliugua, neno likapita kisimani, likapita mnadani, likafika kwa mganga, likarudi kama hukumu. Katika safari yote hiyo hakuna aliyekwenda kwa bibi mwenyewe, akaketi kwenye kigoda chake, akamwuliza. Mauaji ya vikongwe ni ugomvi ambao wahusika wake hawakukutana uso kwa uso hata mara moja, isipokuwa usiku ule wa mwisho.

Sasa, kanisa linalomwambia mjane kwamba ana roho mbaya kwa kuwa ameuliza kilo za pamba, linajua linatembea juu ya ardhi gani? Kutoka "ana roho ya uasi" hadi "yule mama si mtu wa kawaida" ni hatua moja tu, na kijiji kinaijua hatua hiyo. Kutengwa hapa kwetu si maneno. Aliyetengwa haazimwi jembe, haletewi moto, hasaidiwi kubeba maiti. Mchungaji unapotamka neno la kumtenga mtu katika wilaya ya Bariadi au Itilima, umetamka neno ambalo lina historia ya damu, hata kama wewe mwenyewe ulikusudia kumtoa kwenye kwaya tu.

Wala nisiwatue waumini mzigo wao. Kuna woga wa mimbarini na kuna woga wa benchini, na wa benchini una barua zake. Barua isiyo na jina, imeandikwa kwa kalamu iliyopindishwa ili mwandiko usijulikane, imeingizwa chini ya mlango wa ofisi ya dayosisi: mchungaji anafanya hivi, mhasibu anafanya vile, sisi ni "waumini wenye uchungu". Waumini wenye uchungu gani wasio na majina? Siku hizi hata barua imeonekana ndefu. Yupo anayerusha sauti kwenye kundi la WhatsApp la kwaya saa tano za usiku, anamaliza, anazima simu. Asubuhi kanisa limepasuka na yeye yuko shambani anapalilia. Wengine wanakimbilia kwa Mkuu wa Wilaya au kwa Msajili wa Jumuiya kabla hawajakanyaga ua wa mtu wanayemlalamikia. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa kushtakiana mbele ya watu wa nje wakati kwao walikuwemo wenye hekima wa kuamua, na hao angalau walikuwa wakishtaki kwa majina yao.

Na ile dawa yetu pendwa: kuhama. Ukikwazika, unahama. Ukihama na ndugu zako kumi, mnakodi chumba karibu na stendi, mnaweka spika, kanisa limezaliwa. Sigombani na uhuru wa kuabudu; Katiba inautoa na mimi nautetea. Ninachouliza ni kwamba kati ya makanisa haya yanayochipuka kila baada ya mvua, ni mangapi yalizaliwa na Injili, na ni mangapi yalizaliwa na mazungumzo ya nusu saa ambayo watu wawili waliogopa kuyafanya?

Nchi hii imeshaona mwisho wa mambo haya. Kule Meru, kati ya 1990 na 1993, Walutheri wa mlima mmoja, ukoo mmoja, meza moja ya Bwana, waligombania dayosisi hadi ugomvi ukawa vurugu, na mwisho wake Meru ikapata dayosisi yake ndani ya KKKT huku wengine wakijitenga na kuanzisha kanisa jingine. Mwaka 2017 zilikuwa habari za Waanglikana wa Dar es Salaam, Askofu Mkuu Jacob Chimeledya upande mmoja na Askofu Valentino Mokiwa upande wa pili, na magazeti katikati. Mwaka 2022 ikawa Konde. Miongoni mwa mambo yaliyogombaniwa katika dayosisi hiyo ya KKKT ni makao makuu yake: yabaki Tukuyu au yawe Mbeya mjini. Mwezi Machi mkutano mkuu ulimwondoa Askofu Edward Mwaikali, yeye na waliomuunga mkono wakaukataa uamuzi huo, na watu waliozikana na kuozana kwa vizazi wakajikuta wanatazamana kama majirani wenye kesi ya mpaka. Sitaamua hapa nani alikuwa na haki. Nasema tu kwamba ugomvi wa ukubwa huo hauanzi siku ya mkutano mkuu. Unaanza kwenye benchi la tatu, siku mtu alipouliza jambo dogo akanyimwa jibu.

Wapo watakaosema mitume walikuwa na umoja kwa kuwa hawakubishana. Mitume walibishana sana! Matendo sura ya 6: wajane wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku, manung'uniko yakatokea. Zingatieni kwamba lilikuwa jambo la wajane na mgawo, jambo la chakula na hesabu, kama letu. Wale Kumi na Wawili hawakuhubiri habari za Kora. Waliita mkutano, wakakubali kwamba kuna tatizo, wakasema watu wachague saba wanaoaminika, na majina ya wale saba ni ya Kiyunani yote. Yaani kazi ya kugawa ilikabidhiwa kwa upande uliolalamika. Nani kati yetu ameshawahi kumfanya mlalamikaji kuwa mtunza hazina?

Kule Antiokia Paulo alimpinga Petro ana kwa ana, mbele ya wote, kwa sababu Petro aliacha kula na watu wa mataifa alipowaona watu waliotoka Yerusalemu. Paulo na Barnaba waligombana kwa ajili ya Yohana Marko hadi wakaachana, huyu na njia yake, yule na njia yake. Hilo la pili linanifariji kuliko yote, kwa sababu halikufichwa. Luka angeweza kuliruka. Na miaka baadaye, Paulo akiwa gerezani, anaagiza aletewe Marko huyohuyo, maana anamfaa kwa utumishi. Mlango uliachwa bila kupigwa misumari.

Hapahapa Simiyu tunao mfano ambao vijana wengi hawaujui. Nassa, kule Busega kando ya ziwa, kilikuwa kituo cha wamisionari wa Kianglikana wa CMS. Mwaka 1909 kituo hicho kilipita mikononi mwa misheni nyingine, AIM, na kutoka hapo likakua kanisa ambalo leo ni AICT, ambalo nyimbo za kwaya zake zinaimbwa nchi nzima. Kanisa kubwa la Usukuma lilianza kwa watu wa dhehebu moja kuwaachia watu wa dhehebu jingine kituo na waumini. Na sisi warithi wao tunashikana mashati kwa ajili ya funguo za stoo.

Nisieleweke vibaya upande mmoja, na hapa naomba kila mzee wa kanisa asome mara mbili. Kuna mambo ambayo hayana "mwendee mkiwa wawili". Mtoto amenajisiwa, binti wa shule amepewa mimba na mwalimu wa kwaya, mke anapigwa hadi anavunjwa mkono: hayo si kutofautiana, ni jinai. Kuyaweka chini ya Mathayo 18, kuita familia mbili, kupokea ng'ombe wawili na kuomba sala ya kufunga ni kushiriki uovu. Hapo ni polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, siku hiyohiyo, na mchungaji amsindikize mtoto mwenyewe. Sheria ya Mtoto ya 2009 haina kifungu cha kumalizana kikanisa. Nimeona "usuluhishi" ukitumika kuwazika watoto wakiwa hai, na sitauita upatanisho.

Upande wa pili pia una mtego wake. Wapo wanaodhani kusema ukweli ni kummwagia mtu dhambi zake hadharani. Uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliowaka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ukavuka Uganda na kufika Bukoba, ulitufundisha neno zuri, kutembea nuruni. Wazee wa uamsho walikaa kwenye ushirika, mmoja akasimama akasema: ndugu, nilimwonea wivu fulani, nimekuja kumwomba msamaha mbele yenu. Lakini nuruni unakuja na dhambi yako. Wapo waliokosea wakaja na za jirani, na waliowaona hawajaokoka vya kutosha wakawanyooshea kidole, na ushirika ulioanza kwa machozi ukaishia kwa makundi. Ukisimama kanisani, simama na lako, na swali lako, na ushahidi wako kama upindo ule wa vazi. La mwenzako mpelekee nyumbani.

Kinachonitia uchungu ni kwamba mambo haya hayana gharama. Kusoma hesabu ya sadaka mbele ya kusanyiko, kilo, bei, na fedha iliyobaki, ni dakika tano. Kumwambia mwenyekiti wa kikao akae pembeni pale kikao kinapomjadili yeye mwenyewe ni adabu ambayo hata AMCOS wanaijua. Kumwalika mzee kutoka pastoreti ya jirani, mtu asiye na shemeji wala deni katika ugomvi ule, asikilize pande zote mbili zikiwa zimeketi chumba kimoja, ni nauli ya bodaboda. Wakatoliki wana jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki katika AMECEA walizifanya kipaumbele chao tangu miaka ya 1970. Kaya chache zinazokutana kila wiki nyumba kwa nyumba ni mahali pazuri kuliko pote pa kuzima moto ungali kijinga, kama tu zingekubali kuzungumza jambo zaidi ya michango. Mwalimu Nyerere aliwaandikia wanachama wa TANU kijitabu kizima mwaka 1962 akakiita Tujisahihishe. Chama cha siasa kilikuwa na ujasiri wa jina hilo. Kanisa langu lina kamati ya maua.

Na taratibu hizi ziwekwe wakati wa amani. Mfugaji wa Meatu anajua kwamba ngitili haifungwi kiangazi. Unalitenga lile eneo la malisho mvua zikiwa zinanyesha, majani yakiwa tele kila mahali, wakati jirani anakuona mchoyo. Kiangazi kikija, ng'ombe wako wana pa kulisha. Kanisa linaloandika utaratibu wa kusikiliza malalamiko siku ambayo watu wameshachukua mawe limechelewa msimu mzima. Fanyeni sasa, kabla masoko ya pamba hayajafunguliwa, wakati hakuna fedha mezani na hakuna mwenye hasira.

Wachungaji, nawajua wengi wenu mnavyoishi. Mnalipwa kidogo, mnasafiri kwa baiskeli kwenda mitaa mitano, mnaitwa usiku kuzika na alfajiri kuombea, na mara nyingine swali la kilo linawauma kwa sababu mlikopa kwenye sadaka ile kumpeleka mtoto hospitali Somanda. Semeni hivyo. Simameni mseme: nilichukua elfu sitini, mtoto alikuwa anakufa, nitarudisha kwa miezi mitatu. Hakuna kanisa la Wasukuma litakalomfukuza mtu aliyesema hivyo. Tutachanga siku hiyohiyo. Kinachovunja makanisa ni zile Jumapili tatu za ukimya, na ile ya tano ya Kora.

Nilikwenda kwa yule mama mwaka jana. Nilichelewa miaka mingi. Nilimkuta anachambua choroko uani, akanipa kigoda, nikamwambia: mayu, siku ile nilikuwepo, nilijua umeuliza haki, nikanyamaza, nisamehe. Hakulia wala hakunikumbatia. Aliendelea na ungo wake kitambo, kisha akaniuliza kama nimewahi kuzijua zile kilo. Nikamwambia hapana. Akasema hata yeye.

Wazee wa kanisa lile, mnajijua. Baadhi yenu bado mnakaa viti vya mbele. Stakabadhi ya AMCOS ilitolewa siku ile, na daftari la hazina liko kwenye kabati la vestri, rafu ya chini, chini ya vitabu vya nyimbo vilivyochakaa. Lifungueni Jumapili ijayo baada ya matangazo, msome ile namba kwa sauti, na kabla ya hapo mmoja wenu aende akamwite yule mama, aje akae benchi la tatu.